Kati ya Kisanduku na Kisanduku

...kwa sababu karatasi ikiwekwa chini polepole maana yake ameisoma mpaka mwisho, na ikiwekwa haraka maana yake kuna kitu amekiona na hataki kukiona tena, na hii ya sasa hivi, ule mkwaruzo wa karatasi juu ya kioo cha meza, ulikuwa wa haraka au wa polepole, hakuweza kusema, gesi ilikuwa inavuma chini ya birika, moto wenyewe mdogo, mtungi unaelekea kuisha, na yeye amesimama jikoni kwa mama yake ameshika vikombe viwili kama mtu aliyetumwa akasahau ametumwa nini, pazia la mlango katikati yao, mama upande wa sebuleni na kitabu, yeye upande huu na birika... kitabu, anakiita kitabu, bado ni rundo la karatasi lililotoka kwenye bahasha kubwa, hadithi ya picha yote nzima, tangu mama akiwa msichana anayejifunza kukanyaga cherehani mpaka mama huyu wa leo mwenye miwani, kazi ya miaka, na leo kabla ofisi hazijafungwa mhariri anangoja simu, mama amekubali au hajakubali, maana mhariri pamoja na ubahili wake wa maneno alikuwa amesema jambo moja bila kucheka, "Maisha ya mtu aliye hai hayaendi kwa mpiga chapa kabla mwenyewe hajayasoma," na yeye akaitikia kwa kichwa kana kwamba ni jambo dogo, kana kwamba anaambiwa anoe penseli, "Nitampelekea," akasema, akakaa na bahasha ile mvunguni mwa kitanda wiki baada ya wiki, akiisogeza kwa mguu kila anapofagia.

"Hivi hapa umenichora mimi au umemchora shangazi yako," mama alisema kule sebuleni, "maana hii pua si yangu." Akajibu, "Ni wewe, mama," na mama akasema, "Basi umeniongezea," na karatasi ikalala juu ya kioo, polepole, hiyo ilikuwa polepole kabisa, na pumzi ikamshuka kidogo, bado yuko mwanzoni, bado yuko kwenye kurasa za pua, za ujana, za cherehani ya kukanyaga, hapo hakuna ubaya, hapo mama anacheka... pua ilikuwa lazima, angemweleza vipi, watu wanadhani kazi ni kuuchora uso, kuchora uso mara moja hata kinyozi anaweza, kazi ni kuuchora uso uleule tena na tena, ukiwa umeinama, ukiwa umegeuka, ukipiga miayo, ukizeeka ukurasa hadi ukurasa, na msomaji asipotee, asiulize na huyu tena ni nani, kwa hiyo unachagua kitu kimoja unakipigilia kama msumari, pua, kovu, namna ya kufunga kitambaa kichwani, na mengine yote unayaacha yabadilike, akauchukua mfupa wa pua ya mama akauvuta kidogo tu, ukashika, tangu siku hiyo mama akawa anatokea kwenye karatasi hata akiwa mdogo kama punje kule mwisho wa barabara. Pua alikuwa ameiweza. Mabega aliyaweza. Mikono ndiyo ilimshinda. Mikono ya wengine wote aliichora bila hata kutazama, ya kaka, ya mpiga pasi wa jirani, ya mwalimu, lakini ikifika zamu ya mikono ya mama aliificha, akamtia mama kitambaa mapajani, akamweka nyuma ya cherehani, akamkunjia kanga ya... hapana, shuka, akamkunjia shuka kifuani mikono imezama ndani, na mhariri aliyekuwa na jicho la mwewe akauliza siku moja, "Mama yako hana mikono?" wakacheka wote wawili, na yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Ni mhariri huyohuyo aliyempa jina la Kifutio, na jina likaenea ofisi nzima mpaka mlinzi wa getini anamwita Kifutio, kwa sababu ya ukurasa mmoja, alikuwa akiuleta unarudi, akiuleta unarudi, si mhariri aliyeurudisha, ni yeye mwenyewe aliyeutoa mkononi mwa mhariri kabla hajaukamata vizuri, "Ngoja kuna kitu nirekebishe," akaufuta mpaka karatasi ikawa na manyoya, wino ukigusa pale unatambaa kama umedondoka kwenye pamba, ikabidi aanze karatasi nyingine, na nyingine, ukurasa wa paa. Hauna neno hata moja. Mhariri alitaka neno, "Mtie mama kiputo hapo, aseme kitu, hata nusu sentensi, msomaji atajuaje anawaza nini," na yeye akasema hapana, msomaji hatajua, akasema kwa sauti ya mtu mwenye msimamo juu ya sanaa yake, na mhariri akainua mikono, haya dada, wewe ndiye mchoraji, na wala haikuwa sanaa, alikuwa hajui mama aseme nini, angejuaje, hajawahi kumuuliza...

"Lile sanduku la baba yenu halikuwa na mikanda miwili," mama alisema. "Lilikuwa na mmoja. Mwingine nilimkatia mimi." "Kwa makusudi," akaongeza, na akacheka peke yake, kicheko kifupi cha puani, karatasi ikalala juu ya kioo. Baba ameshaondoka basi. Baba aliyekuwa mtu wa safari siku zote mpaka safari ikawa ndiyo anwani yake, ukurasa wa sanduku, na baada ya sanduku ni vitambaa, na baada ya vitambaa... akaviweka vikombe juu ya meza ya jikoni taratibu visigongane, akavishika tena, mikono ilitaka kitu cha kushika. Kaka yake alikuwa amempigia asubuhi, yuko juu ya ngazi mahali fulani anaunga nyaya, kazi yake umeme, sauti inakwenda inarudi, "Ndiyo leo unampelekea?" akasema ndiyo leo, "Na ile ya paani imo?" imo, na kaka akasema, "Mama hakumbuki. Dawa zilimfutia yale mambo, ni rehema, mimi namshukuru Mungu kila siku kwamba hakumbuki. Sasa wewe unakwenda kumkumbushia, na kwa picha," akasema, "Akirudi kule, usinipigie simu mimi," na neno kule nyumbani kwao lilikuwa na maana moja tu, hawakusema hospitali ya wagonjwa wa akili, hawakusema wodi, walisema kule, mama alipokuwa kule, kabla mama hajaenda kule, na wageni walidhani labda mama aliwahi kuishi ng'ambo.

Angeweza kuingia sasa hivi. Angeweza kusukuma pazia aseme mama, chai haijawa tayari lakini hebu lete hizo karatasi, nimesahau kitu, ngoja kuna kitu nirekebishe, akautoa ule mmoja tu katikati ya rundo, nani atajua, kitabu kitaruka kutoka vitambaa mpaka kwa shangazi, shangazi anawapikia uji, mama amesafiri, mama atarudi, hadithi kama za watu wengine... miguu haikwenda. Mama ameshafika kwenye vitambaa, alijua kwa sababu mama alikuwa hasemi. Vitambaa vya madirisha. Mama alikuwa ameanza kwa dirisha la mbele, akalifunika kwa kipande cha kitambaa cha mteja, akasema wale wa nyumba ya pili wanahesabu mishono yangu, watoto wakacheka, walidhani ni utani, mama alikuwa mtu wa utani, kisha akafunika la jikoni, kisha kioo cha bafuni, cherehani haikunyamaza, wateja wanagonga hafungui, analala dakika mbili akiwa ameketi anaamka anaendelea, na yeye kwenye karatasi alikuwa amevifanya visanduku vya picha viwe vyembamba, kila kisanduku chembamba kuliko kilichotangulia, mpaka mwisho wa ukurasa mama haenei, anaonekana bega na kipande cha uso, basi, alipomaliza ukurasa ule alijisikia fundi kweli, akatembea chumbani akijisifu, akakumbuka ni mama yake, akakaa kitako sakafuni.

Na huo ndio uoga mwingine, ule asiomwambia hata kaka. Kwamba ugonjwa wa mama ni wa damu. Kwamba mkono unaochora ni mkono uleule uliokuwa unashona. Juzijuzi alikuwa amepeleka kurasa mpya ofisini na mhariri akazipanga mezani akazitazama muda mrefu akasema, "Hii ya kuwaacha watu wote bila midomo, hii kali, umeitoa wapi," na yeye akatazama, na kweli, ukurasa mzima, mama, mtoto, jirani, muuza duka, macho yapo, pua zipo, midomo hakuna, amepiga wino, amekausha, amebeba, hakuona. Akasema, "Nilitaka kujaribu kitu," mhariri akapiga meza kwa furaha, na yeye akaenda chooni akafunga mlango akajitazama kwenye kioo, akafungua mdomo, akaufunga. Mama naye ilianza hivyohivyo, mtu anashona, kazi nzuri, wateja wanasifu...

"Ah," mama alisema.

Hilo tu. Karatasi ikalala juu ya kioo na nyingine ikainuliwa, na hiyo iliyoinuliwa ni ile, hakuna nyingine baada ya vitambaa, ni ile. Birika lilianza kuvuta sauti ile nyembamba kabla ya kuchemka, likaacha, moto umepungua tena. Aliujua ukurasa ule kiasi kwamba angeweza kuufuata kwa kufumba macho wakati mama anautazama, kisanduku cha juu kushoto ngazi za ghorofa, mama mbele anapanda, amemshika mtoto mkono, anamvuta, mtoto mguu mmoja hewani, kisha mlango wa chuma, kisha mashuka ya watu kwenye kamba yamejaa upepo, tulikuwa tukianika nguo kule, jengo zima, kisha mama na mtoto kwa nyuma, wadogo, mbele yao ule ukuta mfupi wa ukingoni unaomfika mama magotini na baada ya ukuta hakuna kitu, karatasi tupu, alikuwa ameiacha nyeupe kabisa na weupe ule ulitisha kuliko mtaa wowote ambao angeuchora huko chini. Halafu mwanya. Ule uchochoro mweupe kati ya kisanduku na kisanduku, upana wa kidole, ambao msomaji anauvuka bila kujua ameuvuka. Na baada ya mwanya, ngazi tena, wanashuka, kidole cha mguu cha mama kinavuja damu, alama nyeusi juu ya kila ngazi. Ukurasa umekwisha. Kilichotokea kiko mle kwenye mwanya, na wachoraji wenzake waliouona walimpongeza, wakasema umelificha tukio mahali panapostahili, umemwachia msomaji, na ukweli, ukweli ambao hakumwambia mtu, ni kwamba hakuwa ameficha kitu, hakuwa na kitu cha kuficha. Hakumbuki. Anakumbuka upepo na mashuka yanayopiga, anakumbuka ukuta, anakumbuka mkono wa mama wa baridi, wa maji, kama samaki, kisha anakumbuka damu kwenye ngazi na mama anasema twende twende. Kupanda hakumbuki, alikuchora kwa akili tu, kama tulikuwa kule juu basi alinipeleka, mtoto wa darasa la kwanza hapandi ngazi zote zile peke yake kwenda kwenye paa, alinipeleka, alitaka twende wote, halafu kitu kikamzuia, labda jirani aliyekuja kuanua, labda sauti, labda mimi nililia. Na ule mkono. Tangu siku ile mkono ule hakuushika tena, hakupanga, ilitokea hivyo, wakivuka barabara alibadilisha upande, alihamishia mfuko katikati yao, picha ya harusi ya kaka mama yuko kulia kwake na yeye amekumbatia maua kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia mlango, na hata mama alipotoka kule, mnene, mzito wa ulimi, akinyoosha mkono apokewe ngazini, alikimbilia begi. Naomba nibebe begi, mama. Mtoto mwenye adabu, watu walisema.

Sebuleni hakuna karatasi, hakuna pumzi, halafu kiti kikavutwa, miguu ya kiti sakafuni, na nyayo, za mama, zile za kuburuta, zinakwenda upande wa... dirishani, na komeo la dirisha likafunguka, klak, akalisikia komeo kama limefunguliwa ndani ya kifua chake, ghorofa ya tatu, ghorofa ya tatu na chini ni saruji, na hakutembea, hilo ndilo atakalolikumbuka, hakurusha vikombe, hakupiga kelele, alisimama jikoni na mwili wote umeganda, mdomo umefunguka hakuna kitu kinachotoka, akawaza mara moja na kwa uwazi wa ajabu, nimemuua kwa kalamu, kaka alisema, nimemuua mama kwa kalamu...

"Nafungua dirisha," mama alisema. "Humu giza, sioni vizuri." Nyayo zikarudi. Kiti kikarudi. Akavuta pumzi na pumzi ikaingia kwa vipande vipande, na hapo ndipo alipokumbuka nondo, madirisha yote yana nondo, kaka alikuja na fundi wa kuchomelea mwaka ule mama alipohamia hapa, wakafunga kila dirisha hadi lile dogo la chooni ambalo hata paka angepita kwa kujibana, wakasema ni wezi, na mama akawapikia mafundi chakula, akasema asanteni, akawa anaanika vitambaa vya sahani kwenye nondo zile, na hata siku moja hakuuliza wezi gani wanapanda ghorofa ya tatu.

"Mwanangu," mama aliita. "Naam, mama." "Hapa umeruka." Akasema, "Wapi?" ingawa alijua wapi. "Hapa. Tuko ukutani, halafu tuko ngazini. Katikati hakuna kitu." Akajibu, na alijisikia anavyojibu kama mhariri, kama mtu wa ofisini, "Pale katikati hapachorwi, mama. Ndivyo kazi hii ilivyo. Msomaji anajaza mwenyewe." Mama akalifikiria hilo. Pazia lilikuwa linacheza kidogo sasa, kwa upepo wa dirisha. "Atajaza nini," mama akasema, "na yeye hakuwepo?" Na baada ya kidogo, "Mimi nilikuwepo."

Mama anakumbuka. Kaka, mama anakumbuka, miaka yote hii anakumbuka... mama alikuwa anaongea, si kwa ukali, sauti ileile ya kupima kiuno cha mteja, "Kwanza mimi sikukupandisha. Hapa umenichora nakuvuta. Sikukuvuta. Nilikuacha chumbani unacheza na vifungo vyangu, nikaurudishia mlango polepole ili usisikie. Nilikwenda peke yangu." Birika lilivuta sauti likaacha. "Nilikuwa nimeshausimamia ule ukuta. Juu yake. Sikuwa naogopa, ujue, palikuwa pazuri, kulikuwa na hewa. Nikasikia mama, mama, huko nyuma ya mashuka. Nikageuka. Umebeba lile gauni nililokuwa nimekumalizia asubuhi ile, unaliburuta kwenye vumbi, umenuna. Ukasema, mama, gauni halina pa kutolea kichwa." Yeye huku jikoni alikuwa ameegemea meza. "Nikakwambia wewe mtoto umelishika vibaya, lete hapa. Nikashuka kulichukua. Nikaligeuza juu, nikaligeuza chini, nikageuza ndani nje. Mikono ipo, pindo lipo. Shingo nimeishona yote. Mishono ya kupendeza kabisa, mwanangu, sijawahi kushona shingo vizuri namna ile. Ndipo nikajua ninaumwa. Ule ukuta haukunistua hata kidogo. Gauni ndilo lililonistua." Kiti kikalia, labda alibadilisha mkao. "Nikasema haya, twende tukalifumue. Nikawa siwezi kutembea, miguu imekufa. Wewe ukanishika mkono ukatangulia. Pale ngazini nilikuwa sioni mbele, nikajikwaa kidole, wewe unaniambia taratibu mama, hapa kuna ngazi, na hapa kuna nyingine. Kwa hiyo hapa ulipotuchora mimi mbele wewe nyuma, ni kinyume. Wewe ndiye uliyenishika."

Wewe ndiye uliyenishika... alitazama mkono wake, mkono wa wino chini ya kucha, akajaribu kuuhamisha ule ubaridi, ule umaji wa samaki, kutoka kwenye mkono uliomkamata kwenda kwenye mkono aliouchukua yeye mwenyewe kwa hiari yake, na ukahama, ukahama kwa urahisi uliomtisha, kama kuchora mstari uleule kuanzia mwisho wake, mama hakuwa anamvuta kwenda kokote, alikuwa mtu wa baridi anayeongozwa nyumbani na mtoto aliyenuna. "Na tangu siku ile hukunishika tena," mama alisema, chini zaidi sasa, ilibidi asogee karibu na pazia ili asikie. "Nilidhani ni vidole vyangu. Vimechomwachomwa na sindano, vinakwaruza. Nilikuwa navipaka mafuta." Mafuta, mama anakaa kitandani anapaka vidole mafuta kabla binti hajafika, na binti anaingia anasema naomba nibebe begi... akasema tu, kwa shida, "Kwa nini hukutuambia?" Na mama akasema bila lawama, "Mlikuwa hamniulizi. Nilitoka kule nikawakuta mnanipita pembeni kama sakafu iliyopigwa deki. Nikaona mmeamua nisahau. Basi nikawaachia."

Na sasa ndipo uoga ulipokuja, uoga wenyewe, ambao ulikuwa umemkawia miaka yote hii, haukuwa ule wa mkono wala wa damu wala wa kalamu, ulimpata akiwa amesimama karibu na pazia na ulimjia katika umbo la mtoto anayehangaika na gauni chumbani, anaingiza mikono, anatafuta mwanga kwa juu, haupo, na angeweza kulitupa, angeweza kurudi kwenye vifungo, angeweza kuwa mtoto mtulivu anayengoja mama arudi amvalishe, mlango umerudishiwa tu haukufungwa, aliuvuta, alipanda ngazi zote zile kwa hasira ya gauni, hajui kitu, hajui anakwenda wapi wala kwa nini mama yuko huko, anakwenda tu kulalamika, na sehemu ile ya mwanya, ule upana wa kidole alioupongezewa, ilikuwa imejaa pomoni muda wote, kulikuwa na mtu ndani yake, na mtu huyo alikuwa ameketi upande wa pili wa pazia na miwani yake na karatasi mapajani, peke yake na jambo hilo tangu siku hiyo, akianika vitambaa vya sahani kwenye nondo. Aliogopa kwa ajili ya yule mtoto, na kwa ajili ya yule mwanamke juu ya ukuta aliyeona pazuri, aliogopa kana kwamba bado hawajashuka, kana kwamba ikiwa yeye hapa atakohoa tu mtoto atasita kwenye mlango wa chuma na kurudi chini... na ukurasa ule haufai, wote haufai, mhariri atashika kichwa, itabidi aanze tena na ngazi na mtoto mbele, itabidi achore mkono wa mama, na mkono wenyewe haujui, amekwepa kuutazama kiasi kwamba hajui kidole kipi kirefu, itabidi akae auangalie, aulize.

"Uko huko?" mama alisema. "Nipo." "Mbona umenyamaza. Umeudhika nilivyokukosoa?" "Hapana, mama." "Maana mengine umechora vizuri. Huu upepo kwenye mashuka ndivyo ulivyokuwa hasa." Kisha kimya, na kimya hiki alikisikia vizuri, mama alikuwa amemaliza, alikuwa anaunyanyua ukurasa ule auweke pamoja na nyingine chini, na ukishalala pale juu ya kioo litakuwa limekwisha, litakuwa jambo lililosemwa siku moja mchana watu wakingoja chai, na hilo likamtisha kuliko komeo la dirisha. Maji yalikuwa bado. Alikuwa bado na vikombe viwili mkononi, amesimama upande uleule wa pazia.

"Mama," alisema haraka, kabla karatasi haijagusa meza, "lile gauni lilikuwa la rangi gani?" na kitabu kizima kilikuwa cha wino mweusi mtupu, rangi haikumhusu kitu, na sebuleni karatasi ikasita hewani, na mama akavuta pumzi ndefu, ya mtu anayejiandaa kueleza kitambaa.